Majike kwanza: jibu kwa msomaji wa Tanga mwenye paka 11 uani

Swali: Shikamoo daktari. Naishi Ngamiani, Tanga. Nyuma ya nyumba tunayopanga kuna paka wa mitaani 11: majike watano, madume watatu, na watoto watatu wa mwezi mmoja hivi, mmoja wao macho yameganda usaha. Nawapa vichwa vya samaki, basi watoto wa mtaa wameniita Mama Nyau. Mwaka huu nilimpeleka jike mmoja akafungwe kizazi. Nikarudishiwa saa ile ile akiwa bado amelala, ndani ya kiroba, nyuzi ziko nje. Siku ya tatu mshono ukafumka, utumbo ukatoka, akafa. Kabla yake, duka la dawa za mifugo liliniuzia dawa ya kuogeshea ng'ombe ili niue viroboto. Nikaogesha wawili walionizoea, wote wakafa wakitetemeka. Daktari mwingine akaniambia yeye ni wa ng'ombe. Jirani yetu mzee anasema kufunga kizazi ni haramu, na mwenye nyumba anataka watiwe kwenye magunia wakamwagwe soko la samaki. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole kwa hao watatu.

Kabla ya yote, yule mtoto mwenye macho, kwa kuwa jicho la paka mchanga huharibika kwa siku chache tu. Hayo ni mafua ya paka. Chanzo chake mara nyingi ni virusi vya herpesi au vya kalisi, na nyuma yake huingia bakteria. Chemsha maji, yaache yawe vuguvugu, loweka pamba safi, iweke juu ya jicho mpaka ukoko ulainike, kisha futa kutoka puani kwenda nje. Kila jicho na pamba yake. Halafu tia marhamu ya macho ya tetrasaiklini ya asilimia 1, ile ile inayouzwa famasi kwa ajili ya watu, mara 3 au 4 kwa siku kwa wiki nzima, hata kama siku ya tatu ataonekana amepona. Usitie matone yenye deksamethasoni au haidrokotisoni. Yanapunguza wekundu haraka na kumfurahisha mwenye paka, huku kidonda kwenye kioo cha jicho kikichimbika. Ukiona jicho limekuwa jeupe au limejitokeza nje, hiyo tena si kazi ya marhamu, ni ya daktari.

Na maadamu unawashika kwa dawa, endelea kuwashika. Mtoto wa paka hujifunza kumwamini binadamu kati ya wiki ya 2 na ya 7, kwa kuchelewa sana wiki ya 9. Hao watatu bado wana nafasi ya kuwa paka wa nyumbani na kupata wenyewe. Wakubwa wengi hawana tena nafasi hiyo, na usijitese kuwafuga. Paka aliyekulia nje, ukimfungia chumbani atakaa chini ya kitanda mwaka mzima.

Sasa dawa ya ng'ombe. Dawa nyingi za kuogeshea ni za jamii ya piretroidi; ukisoma kibandiko utakuta sipermethrini, deltamethrini, fulumethrini, majina yanayoishia hivyo hivyo. Ng'ombe anazivumilia, mbwa pia kwa kiasi chake. Ini la paka halina vya kutosha kimeng'enya cha kuivunja sumu hiyo, kwa hiyo inabaki mwilini na kushambulia mishipa ya fahamu: mate yanachuruzika, masikio yanacheza, mwili unatetemeka, kisha degedege. Amitrazi, nayo ya kuogeshea, ina njia yake nyingine ya kumuumiza. Likitokea tena kwako au kwa jirani, mwogesheni paka upesi kwa maji vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mkausheni, mfunikeni apate joto, na mumkimbize kwa daktari. Maji ya baridi yanazidisha mtetemeko. Maziwa na mafuta ya kula, ambavyo kila mtaa una mtu wa kuvipendekeza, havisaidii kitu.

Utakapokwenda tena dukani watakwambia, "Basi chukua ivameki." Hiyo ni ivermektini, dawa ya sindano ya mifugo, na ya asilimia 1 imepimwa hivi: mililita 1 kwa kilo 50 za ng'ombe. Paka wako ana kilo mbili na nusu. Fungu lake ni sehemu moja ya ishirini ya mililita, yaani tone dogo ndani ya sindano, na mkono usiozoea hauwezi kulikadiria. Kwa mtoto wa paka, kosa la nusu mililita ni msiba. Viroboto wa paka wanaoshikika, tumia kitana chenye meno ya karibu, ukikichovya kwenye maji ya sabuni kila unapopitisha. Wasioshikika, daktari awape dawa ya matone ya fipronili au selamektini iliyotengenezwa kwa ajili ya paka, siku ile wamelala kwenye meza yake.

Na panado, mwanangu. Kidonge kimoja cha paracetamol cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima. Ufizi unageuka rangi ya udongo, uso na miguu vinavimba, pumzi inakata. Diklofenaki na brufeni zinaharibu figo na tumbo. Hata ile dawa ya kuua vijidudu inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiitia maji usimpake kidondani, maana atailamba. Kidonda cha paka osha kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, kijiko cha chai kisichojaa kwa nusu lita.

Nimekaa sana kwenye dawa kwa sababu paka wengi wa kuokolewa ninaoletewa wameshatibiwa kabla ya kunifikia, na ile tiba ndiyo inayowaua. Si ujinga wa watu. Tanga ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, chuo cha mifugo cha Buhuri kiko hapo hapo kwenu, na duka la dawa linaweka rafuni kile ambacho mfugaji atakilipia. Paka hatoi maziwa. Kwa hiyo yule aliyekwambia "mimi ni wa ng'ombe" alikutendea haki kuliko yule aliyempokea jike wako.

Tumzungumze huyo marehemu, maana umenieleza vya kutosha kuona palipoharibika. Tumbo la paka hufungwa kwa tabaka: msuli kwanza, ngozi mwisho. Ngozi ikifumka peke yake utaona kidonda kimeachama, basi. Utumbo ukitoka, ni tabaka la msuli lililoachia: uzi dhaifu, fundo lisilokazwa, au sindano iliyopita kwenye mafuta bila kuushika msuli. Hapo wewe hukukosea kitu. Nyuzi za nje nazo, kwa paka asiyeshikika, hazifai tangu mwanzo. Atazing'ata, na nani atamkamata siku ya kumi akazitoe? Paka wa mtaani hushonwa kwa uzi unaoyeyuka, uliofichwa ndani ya ngozi. Na kumkabidhi mtu mnyama ambaye bado yuko kwenye nusukaputi, ndani ya gunia, ni hatari peke yake, kwa sababu paka aliyelala hupoteza joto haraka, na shingo ikikunjika pumzi inaziba.

Kwa hiyo jibu la "nianzie wapi" ni hili: anza na daktari. Usimkamate hata mmoja mpaka mmekaa mkazungumza, bila paka mkononi, kwa sababu mtu mwenye paka anayelia ndani ya tenga hana nguvu ya kuuliza maswali. Muulize amefunga kizazi paka wangapi, si mbwa, na lini mara ya mwisho. Muulize kama atampima uzito. Hili si swali la adabu. Dawa ya usingizi inayotumika sana kwetu ni ketamini ikichanganywa na zailazini, na zailazini huja kwa nguvu mbili, ya asilimia 2 na ya asilimia 10, nyingine ina nguvu mara tano ya mwenzake. Daktari anayekadiria uzito kwa macho na asiyesoma chupa ameshakosea kabla hajashika kisu. Paka akiwa ndani ya mtego si tabu kumpima: uweke mtego wote kwenye mizani, toa uzito wa mtego mtupu. Muulize atatumia uzi gani, atampa sindano gani ya maumivu (dozi moja ya meloksikamu inatosha kwa kazi hii), na kama atakaa nao mpaka wainue vichwa. Akikasirika kwa kuulizwa, umepata jibu lako.

Kufungua tumbo ni kazi ya daktari wa wanyama aliyesajiliwa, si ya msaidizi. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Baraza la Veterinari, na hapo ndipo usajili unapoulizwa na malalamiko yanapopelekwa. Una haki ya kulalamika kuhusu yule jike. Mimi ningeandika, kwa maneno machache na tarehe, bila matusi. Ipo pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, tutaihitaji tukifika kwa mwenye nyumba.

Usipompata wa kufaa Tanga mjini, usianze kusafirisha paka wanane kwa basi hadi Dar es Salaam au hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro. Msafirishe daktari. Mtu mmoja mwenye uzoefu wa paka, chumba chenye sakafu ya kuoshwa, meza, taa nzuri, na daktari wenu wa ng'ombe akiwa pembeni akijifunza: siku moja mmemaliza uani kwako na kwa majirani wawili watatu mliochanga nauli. Nimeona mpango huo ukifaulu mahali ambapo kila mtu alikuwa akienda kliniki na paka wake mmoja mmoja na kulipa bei ya paka wa kizungu.

Nani aanze? Majike, wote watano, siku moja ikiwezekana au mbili zinazofuatana. Watu wengi huanza na yule dume mkubwa, paka shume mwenye kichwa kama ngumi, kwa sababu ndiye anayepiga kelele usiku na kukojolea milango. Tanga, kati ya miji yote, inajua habari ya kugumbisha madume. Hapo ndipo walipozalishwa mbung'o madume, wakapigwa mionzi wawe tasa, wakamwagwa Unguja kwa ndege katika miaka ya 1990, mpaka kisiwa kikatangazwa mwaka 1997 kuwa hakina tena mbung'o. Ilifaulu kwa sababu mbung'o jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Akikutana na dume tasa, habari yake imekwisha. Paka jike hana tabia hiyo. Akiwa kwenye joto hupandwa na madume kadhaa, na mimba moja huweza kuwa na baba wawili au watatu. Hasi madume tisa, umwache wa kumi, watoto watakuwa wale wale. Mfunge jike mmoja, na hesabu yake inakoma siku hiyo.

Na kwenu hesabu hiyo haina mapumziko. Paka hushika joto kwa kufuata urefu wa mchana. Nchi za baridi kuna miezi ya kiza ambayo majike hutulia. Tanga iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, mchana wa Julai na wa Desemba haupishani kwa saa nzima, basi wanazaa mwaka mzima. Mimba ni siku kama 63 hadi 65, watoto kama wanne, na jike huweza kushika mimba tena angali ananyonyesha. Binti wa miezi minne au mitano naye tayari. Usingoje "azae mara moja kwanza". Hakuna faida ya kitabibu katika hilo, na mtoto mzima wa afya mwenye kilo moja anaweza kufungwa na daktari anayejua kazi. Mama wa hao watatu hana haja ya kungojewa mpaka aachishe, kwani kufungwa kizazi hakukaushi maziwa. Mwambie tu daktari kwamba ananyonyesha, huenda akapendelea kumpasua ubavuni badala ya tumboni. Mshono wa ubavuni haugusani na chuchu, na unaweza kuuchungulia ukiwa mbali. Huyu awahi kurudishwa kwa wanawe.

Kukamata. Kwa wiki moja lisha saa ile ile kila siku, mahali pamoja, dakika 20, kisha ondoa sahani. Hilo linafundisha paka kufika kwa wakati na linakupa nafasi ya kuwahesabu vizuri. Usishangae wakawa 13. Mitego ya paka haiuzwi madukani kwetu, lakini fundi wa kuchomelea atakutengenezea: urefu sentimita 90, upana 30, kimo 35, wavu wa chuma uliochomelewa wenye matundu madogo yasiyopitisha pua, na mlango unaoanguka paka akikanyaga bamba la ndani. Wavu wa kuku usikubali, wanaupasua. Kwa yule mjanja anayeuzunguka mtego, tenga kubwa lililoinuliwa kwa kijiti chenye kamba bado ni kifaa kizuri kuliko vyote, ilimradi mwenye kamba awe na subira. Usiku wa kuamkia siku yenyewe wakubwa wasile, maji wapewe. Watoto wasinyimwe chakula zaidi ya saa 2 hadi 4. Mlango ukianguka tu, funika mtego kwa kanga nzito au gunia: gizani paka hutulia, vinginevyo atajipasua pua. Usiuache mtego peke yake, jua na siafu wanaua. Na usimtoe. Daktari amdunge msulini kupitia wavu, akilala ndipo atolewe.

Akiwa amelala, daktari akate ncha ya sikio, kwa kawaida la kushoto, kama sentimita 1, mkato ulionyooka. Watu huniona katili ninapolisema hili. Lakini jike aliyefungwa hana alama yoyote nyingine ya kuonekana kwa mbali, na nimewahi kumfungua tumbo paka nikakuta kazi ilishafanywa na mwingine. Afadhali ncha ya sikio kuliko kisu cha pili. Na siku hiyo hiyo achanjwe kichaa cha mbwa, kuanzia umri wa miezi 3.

Usiku wa kwanza walale humo humo mtegoni, juu ya magazeti, ndani ya chumba chenye joto na kiza, chakula kidogo wakisimama sawasawa. Dume asubuhi yake aende zake. Jike umtazame saa 24, ikibidi 48. Ufizi mweupe kama karatasi, tumbo linalojaa, au kushindwa kuamka kabisa, mwite daktari usiku huo huo. Kuna watakaokuwa wagonjwa kupita tiba, na daktari atakushauri awalaze moja kwa moja, wafe bila maumivu. Sindano ya kulaza mkononi mwa daktari ni haki ya mnyama. Sumu ya panya mkononi mwa mwenye nyumba si haki.

Huyo mwenye nyumba, basi. Magunia ya soko la samaki hayatamsaidia. Kilichowaleta paka uani ni chakula na maficho, na pengo litakaloachwa litajazwa na wengine ambao hawajafungwa, huku wale waliomwagwa wakipigwa na wenyeji au wakigongwa barabarani wakijaribu kurudi. Usimwambie habari ya huruma. Mwambie kelele za usiku, harufu ya mkojo na watoto wapya vitapungua, na hatalipa kitu. Na kuwatesa au kuwatilia sumu ni kosa kisheria. Kisha timiza upande wako: chakula kisilale, vichwa vya samaki visitupwe mlangoni kwa watu, na tenga boksi la mchanga pembeni lisafishwe kila siku.

Mzee jirani ana hoja ya dini, nami si mwanachuoni. Najua, kama anavyojua yeye, hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa, hakumlisha wala hakumwachia akajitafutie. Najua pia kwamba wanavyuoni wamehitilafiana kuhusu kuhasi wanyama, na wapo wengi wanaoruhusu penye manufaa na pasipo madhara. Nenda naye kwa imamu mnayemwamini wote wawili, na muulize swali zima: eleza watoto wanaokufa mitaroni, eleza kwamba mnyama atalazwa usingizi na kupewa dawa ya maumivu. Swali la nusu hupata fatwa ya nusu.

La mwisho ni wewe mwenyewe. Jino la paka ni jembamba na linazama, huacha tundu dogo linaloziba huku uchafu umebaki ndani. Ukiumwa au kuparuzwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili ukitazama saa, kisha hospitali siku ile ile, hata kama ni tone la damu. Kichaa cha mbwa paka naye anacho, kikishaonyesha dalili hakina tiba, na chanjo hufaa ikianza mapema. Paka aliyekuuma azuiliwe atazamwe siku 10, asiuawe na mtaa. Na wewe unayeshika mitego kila mara, omba chanjo ya kinga kabla ya kuumwa. Kila mwaka inapokaribia Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ulizia ofisi ya mifugo ya halmashauri kama watachanja. Paka nao huchanjwa, ila hakuna anayewapeleka.

Weka daftari: rangi, jinsia, tarehe ya kufungwa, tarehe ya chanjo. Akitokea mgeni uani mwenye masikio yote mazima, mkamateni wiki hiyo hiyo. Na ukishampata daktari, niandikie amejibu nini kuhusu uzi.